Majivu Hayakumlinda Nyamhanga

Ghati mwanangu,

Usishangae kupewa karatasi na mtu mnayekula naye sahani moja. Ningeweza kungoja urudi kutoka Ringwani kumuaga bibi yako, tukae jikoni tuongee. Lakini najijua. Mdomo wangu huanza vizuri halafu unaishia kwenye ugomvi, na wewe umeurithi mdomo huo huo, kwa hiyo ingefika kesho asubuhi hatusemezani na basi lingekuchukua hivyo hivyo. Bora niandike. Jua bado liko juu, nimekaa mlangoni, na kalamu yako nimeikuta dirishani. Isome ukiwa hapa hapa nyumbani. Usiitie kwenye begi ukaisome Dar es Salaam, maana ukishasaini mkataba itakuwa haina kazi tena.

Habari za kula, za kuvaa na za kuchagua marafiki sitakuandikia. Akili unazo, na shangazi zako wamekwisha kukuhubiria mpaka masikio yamechoka. Nataka kukueleza jambo moja nililolifanya ukiwa bado hujaanza shule. Halafu nitakueleza nilichokifanya leo asubuhi, ambacho kinagusa huo mkataba wako. Utakasirika. Kasirika, lakini maliza kusoma kwanza.

Juzi uliponisomea mkataba wa ile kampuni nilikuwa nakusikiliza vizuri kuliko ulivyodhani. Wanaitaka programu yako ya kwenye simu, ile inayowauliza wachimbaji maswali kisha inawaambia kama shimo lao, duara, liko salama la kuingia au wasubiri. Watakuajiri, watakupa na nyumba. Ila ile kanuni yake, jinsi inavyofikiri hatua kwa hatua mpaka ikatoa jibu, itafungiwa ndani. Mchimbaji ataona rangi tu. Kijani, aingie. Nyekundu, asubiri. Sababu hataiona, na wewe hutaruhusiwa kumfundisha mtu yeyote. Nikakuuliza, mbona hapa kwetu simu inaonyesha sababu, inasema udongo una maji, inasema mti wa tatu unaoshikilia ukuta umeoza? Ukanijibu, "Mama, wakiijua wote, nani atanilipa?"

Nikanyamaza. Ukadhani nimekubali, ukaendelea kukunja nguo. Nilinyamaza kwa sababu maneno hayo niliwahi kuyasema mimi, moyoni mwangu, siku nyingi tu, na mtu akafa.

Baba yako alipofariki ulikuwa unatambaa. Ile ilikuwa rashi ya kwanza, dhahabu imesikika, watu wamemiminika kutoka kila mkoa, na huku kwetu hata mwenye ng'ombe zake kule Itiryo aliacha ng'ombe akaja na sururu. Nilipata kazi ya kuponda mawe. Nilikukalisha kwenye kanga pembeni, nikaponda kutwa, mita chache tu kutoka mdomo wa duara. Hukuyaona maduara ya wakati ule. Lilikuwa ni shimo linalokwenda chini wima, pana kwa mtu mmoja na ndoo yake, kuta zimeshikiliwa na miti tuliyoiita matimba. Likiporomoka, aliye chini habaki.

Ukiponda mawe sehemu moja kwa miezi, macho yanaanza kuona vitu bila kutumwa. Niliona kwamba kabla duara halijaporomoka udongo wa ndoo za mwisho ukiufinya unashikana na kukulowesha kiganja hata kama hakujanyesha. Niliona timba zima ukiligonga linalia, na lililooza linanyamaza. Nikajifunza kuhesabu siku tangu mvua ikatike. La nne lilikuwa ufa. Ardhi haidondoki ghafla mwanangu, huwa inasogea kwanza, kidogo sana, usiku watu wakiwa wamelala.

Nikaenda kuwaambia. Walicheka mpaka mmoja akakalia ndoo. Wakati ule mwanamke hakuruhusiwa hata kuchungulia duara, walisema dhahabu inakimbia. Mmoja akaniambia nirudi kwenye mawe yangu, mwanamke anajua nini habari za chini? Wiki ile ile duara la jirani yao likaanguka, kwa bahati watu walikuwa wametoka kula.

Hasira zikanipanda, na hasira zikanipa akili mbaya. Kama hawamsikilizi mwanamke mponda mawe, nikasema, watamsikiliza mwenye dawa. Nikatangaza kwamba marehemu bibi yangu amenijia ndotoni akaniachia dawa ya kulinda maduara. Bibi yangu, maskini, alijua kulima ulezi na kugombana na majirani, dawa hakuijua hata ya mafua.

Dawa yenyewe ilikuwa majivu. Jioni watu wakishatoka nilimwaga majivu kwa mstari kuzunguka mdomo wa duara, huku nikinong'ona maneno ambayo hata mimi sikujua maana yake. Asubuhi nilikuja wa kwanza kabisa, nikautazama mstari. Kama ardhi imesogea usiku, hata kwa unene wa kucha, mstari unakatika pale penye ufa. Basi nikiona umekatika nasema leo hapana. Nikiona uko mzima nagonga matimba, nafinya udongo, nahesabu siku, ndipo nawaambia waingie. Wao walichoona ni mwanamke anamwaga majivu na kuzungumza na wafu. Kwa hiyo waliamini majivu ndiyo yanayoizuia ardhi.

Nikaweka na mwiko, maana dawa isiyo na mwiko nani ataiheshimu? Nikasema mwanaume aliyetoka kulala na mwanamke asiye mkewe asivuke yale majivu, akivuka ardhi itamkataa. Nitakuambia ukweli ambao sijamwambia hata padri. Mwiko ule niliuweka kwa ajili yangu. Duara likianguka siku nimekosea, lawama itamwendea aliyekufa. Nilijiwekea pa kutorokea kabla hata sijakimbizwa.

Wakanipa kiroba kimoja cha mawe yenye dhahabu kwa kila duara. Hata sare zako za shule baadaye zilitoka kwenye viroba vile. Viatu vyako vyeusi vile ulivyovipenda mpaka ukalala navyo, vilitoka humo. Sisemi hivyo ili uone aibu, nasema ujue sikuwa mjinga. Mara nyingi nilifikiria kuwafundisha. Nikajiuliza, wakijua wote, kiroba nitapewa cha nini? Nikafunga mdomo, na kila mwaka uliopita ulinifanya nione kwamba nilifanya vyema, kwa sababu watu walikuwa wazima na wewe ulikuwa unakula.

Halafu mama yangu akaugua, nikaenda Itiryo kumuuguza. Nilikaa siku tatu. Niliondoka bila kumwachia mtu neno, kwa sababu neno lenyewe lilikuwa siri yangu.

Nyamhanga, mchimbaji wa duara mojawapo nililolilinda, ulimpenda, ingawa huenda humkumbuki. Alikuwa anakurusha juu unacheka mpaka unakwama pumzi, na mimi namgombeza. Siku ya tatu mvua ilikuwa imekatika, duara la jirani lilikuwa limeshika mwamba wenye dhahabu, na kila mtu alikuwa anahofia mwamba ule ule kuchimbwa na jirani kutoka upande wa pili. Wenzake wakamwambia tumngoje mama Ghati. Yeye akasema dawa anaijua, ameitazama kila siku, kwani ni nini zaidi ya majivu? Akachota majivu kwa mama ntilie. Akayamwaga kuzunguka mdomo wa duara asubuhi ile ile, mengi, kwa moyo wote, ili yamlinde vizuri. Akaingia.

Ufa ulikuwepo, Ghati. Mzee Mwita, ambaye wakati ule alikuwa anavuta kamba ya ndoo, alinieleza baadaye pasipo kujua anachonieleza. Alisema walipoanza kumfukua waliona majivu yamezama ndani ya ufa mrefu. Nyamhanga alikuwa amekifunika kwa mkono wake kitu ambacho kingemwambia asiingie. Alifanya kila nilichokuwa nafanya, ila hakujua nilikuwa nafanya nini.

Niliporudi watu walikuwa wamekusanyika wananingoja niseme. Hapo ndipo ningesema. Lakini kabla sijafungua mdomo mtu mmoja akasema labda alikuwa ametoka kwa mwanamke. Mwingine akasema ndiyo, hata yeye alimwona akipita upande ule wa vibanda. Wakaniangalia. Nikainamisha kichwa chini. Sikusema ndiyo, mwanangu, ila niliinamisha kichwa, na walichokisubiri wakakipata.

Mkewe ni Wankuru, yule mama wa Nyamisangura anayekaanga mandazi, ambaye umeniuliza mara nyingi kwa nini sinunui kwake. Alimzika mumewe huku watu wanamnong'ona. Tangu siku ile ameishi akijua kwamba mumewe alikufa kwa uzinzi, na amewalea watoto wake wakijua hivyo. Ushahidi wote wa uzinzi huo ulikuwa ni majivu yangu.

Sasa nije kwako.

Ulipomaliza chuo ukarudi na daftari ukaniuliza nilikuwa najuaje, nilifurahi mpaka nikaogopa. Nikakupa mvua, nikakupa udongo, nikakupa matimba. Ukakaa mwaka mzima unakwenda kwenye maduara unaandika, ukatengeneza hiyo programu, na nilijivuna kila mahali, uliza mtu yeyote. Ulipouliza habari za majivu nilikuambia ni upuuzi wa kizamani, uyaache. Nilishindwa kukueleza majivu bila kumtaja Nyamhanga. Kwa hiyo ufa haumo. Programu yako ina pengo, na pengo hilo nimeliweka mimi mama yako kwa makusudi.

Juzi, kabla hujaniletea mkataba, Juma alipita hapa. Juma yule wa Singida, mwenye duara la kule juu, anayetumia simu yako kila asubuhi. Akaniambia, "Mama Ghati, simu ya binti inatuonyesha inatazama mvua, udongo na miti. Mbona haitazami ufa? Kwetu wazee walikuwa wanatazama ufa." Nikamjibu kwamba yeye mambo ya kompyuta hayajui. Alicheka akaenda zake.

Jana jioni nikaenda kwenye duara lake kana kwamba naokota kuni. Nikamwaga majivu kidogo, mstari mwembamba. Leo ulipoondoka tu kwenda Ringwani nikarudi kule kwa Juma. Usiku kulikuwa na manyunyu, si mvua ya kusema mvua. Nikawakuta wamekwisha kuvaa, Juma ameshika simu, na simu imewaambia waingie. Udongo ulikuwa mkavu kweli, matimba ni mapya. Lakini mstari wangu ulikuwa umekatika sehemu mbili.

Nikasema leo hapana. Wakachachamaa, maana duara la jirani limeshaanza kutoa, na siku moja kwao ni siku kubwa. Juma akawanyamazisha. Akasema, "Simu imesema tuingie na imetupa sababu. Wewe unasema tusiingie. Sababu yako ni ipi?"

Miaka yote hiyo jibu langu lilikuwa mwiko. Lilikuja lenyewe mpaka kwenye ulimi. Mzee Mwita alikuwa amesimama pale, mzee sasa, anawashauri vijana, na niliona amekwisha kuanza kurudi nyuma kwa heshima, akisubiri niseme mmoja wenu katoka kwa mwanamke. Nikachuchumaa, nikawaonyesha ule mstari ulivyokatika, nikawaambia majivu hayalindi mtu, majivu ni ya kutazama tu. Nikawaeleza yote manne, nikachora chini kwa kijiti. Wengine walipiga picha.

Mzee Mwita akachuchumaa karibu na mstari. Halafu akauliza, "Basi na Nyamhanga?"

Nikamjibu pale pale, mbele ya watu.

Mpaka saa hii ninapoandika duara la Juma halijaanguka. Labda halitaanguka. Wapo walioondoka wananitukana, wakisema nimewaua mwanzo kwa kuficha na sasa nawatia njaa kwa kusema. Juma amekubali kungoja mpaka kesho, ametega na uzi juu ya ufa kwa vigingi viwili, jambo ambalo mimi sikuwahi kulifikiria na ni zuri kuliko majivu yangu. Nasikiliza upande ule kila wakati ninapoinua kalamu.

Nimelifikiria sana swali la Juma. Aliuliza kwa sababu aliziona hatua zako, akaona moja imekosekana. Angeonyeshwa rangi ya kijani peke yake angeuliza nini? Asubuhi hii angekuwa chini. Na duara likimfunika, kampuni ingesema programu iko sawa, mchimbaji ndiye aliyeingiza majibu vibaya. Najua wangesema hivyo, kwa sababu mimi nilisema hivyo bila kufungua mdomo.

Sikuambii ukale hewa. Sijui utalipwaje ukiiacha kanuni wazi, na wanaojifanya wanajua wasikudanganye. Lakini wewe mwenyewe uliniambia kwamba hukuanza kuitengeneza kutoka sifuri, ulichukua kazi za watu wa nchi usizozijua hata majina, waliozianika ili kila mtu azitumie na azirekebishe. Nilikuuliza wanakula nini, ukacheka, ukasema wengine wanaajiriwa kwa sababu ya kazi hizo hizo. Labda na wewe iko njia. Labda kampuni yenyewe ukiwaambia waziwazi watakubali, labda watakutimua. Mimi nilipata mkate kwa kuficha, na mkate ule uliushibisha mwili wako, kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba kuficha hakulipi. Kunalipa. Ila unafika wakati huwezi tena kusema hata ukitaka, kwa sababu kila siku uliyonyamaza inabidi nayo uieleze.

Mvua, udongo, matimba na ufa vilikuwa vyangu, nimevigawa. Mkataba unasema mtu mwingine asijue, basi wanajua watu kumi na zaidi, na kesho watakuwa wengi. Hilo nimekuharibia na sikukuomba ruhusa. Kazi ya kompyuta ni yako, sijaigusa, na jinsi ya kuufunga mlango au kuuacha wazi utaamua wewe. Ila ufa uingize, hata ukiniona mama mbaya. Usiende kumkabidhi mtu kitu chenye pengo huku ukijua.

Limebaki moja, nalo ni gumu kuliko la asubuhi.

Kutoka kwa Juma nilipanda bodaboda nikaenda Nyamisangura, maana nilijua maneno yatafika kabla ya jioni na sikutaka Wankuru ayasikie kwa wateja. Nilimkuta anakanda unga. Nikamwambia nikiwa nimesimama, kwa sababu sikukaribishwa kukaa na sikustahili. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono iko ndani ya unga. Akaniambia, "Sema tena." Nikasema tena.

Akauliza, "Kwa hiyo huyo mwanamke hakuwepo?"

Nikamwambia hakuwepo. Watu walimtunga, na mimi niliwaacha wamtunge.

Akasema, "Sikumlilia. Unajua? Sikumlilia hata siku moja."

Niliomba msamaha, maneno yakatoka membamba, hata mimi nilisikia hayatoshi. Akaniambia niondoke kwake. Nikaondoka. Nilikuwa nimefika barabarani nikasikia ananiita, siyo kwa jina langu, ameniita wewe. Akauliza yule mtoto mwenye simu anasafiri lini. Nikamwambia kesho asubuhi. Akasema atakuja kukuona kabla basi halijaondoka.

Sijui anataka kukuambia nini na sikuthubutu kumuuliza. Akija mwamkie kabla hajakufikia, mpe kiti, na umsikilize mpaka amalize, hata kama basi linapiga honi. Baada ya hapo ndipo uwapigie simu wale watu wa kampuni.

Mimi ni mama yako,
Bhoke